Watu Themanini na Wanne Niliowaalika Mwenyewe

Jumanne, 9 Septemba 2025

Mkutano wa klabu yetu ya hisani. Chai imefika meza ya nyuma ikiwa imepoa, kama kawaida. Lakini habari! Bi Mwanamina, rais wetu, mwalimu mstaafu ambaye bado anatutazama kama darasa lililopiga kelele, amesimama na barua mkononi. Ombi letu la ruzuku linakaribia kukubaliwa.

Mpango wenyewe nauandika hapa ili nisiulize tena mbele za watu. Sisi klabu ya Malindi tukitoa shilingi moja, klabu rafiki ya Italia inatoa moja, na mfuko mkuu wa kimataifa unaongeza mbili. Sehemu yetu tumeshachanga. Yatanunuliwa mabomba, na maji yatafika zahanati ya Kwa Mwambire, nyuma ya Mambrui. Huko wodi ya kujifungulia imefungwa mwaka wa pili sasa, kwa sababu haina maji hata ya kunawa mikono.

Kuna sharti moja. Mtaro wachimbe wanakijiji wenyewe, kwa mikono yao, ili ionekane mradi ni wao. Mita elfu moja na mia mbili. Mkaguzi kutoka Italia alikuwa aje Novemba. Sasa anakuja Jumanne ijayo! Asipoukuta mtaro, ruzuku inakwenda kwa klabu inayofuata kwenye orodha, nayo si ya Kenya.

Wote wameinamia vikombe vyao. Mimi nimeona nafasi. Jumanne hiyo hiyo jioni tunachagua rais mpya. Wagombea ni wawili. Mimi, Ngumbao Kalama, mwenye duka la nakala na picha za pasipoti. Na Huzaifa wa vifaa vya ujenzi, mtu wa Mambrui, mpole kupita kiasi, anayesaidia watu bila kupiga picha. Nani atamwamini mtu wa namna hiyo?

Nimeinua mkono. Mtaro nitausimamia mimi. Huzaifa amenipa hongera, na nadhani ilitoka moyoni. Inaudhi sana.

Nimeshachora jiwe la ufunguzi. Jina langu juu, herufi kubwa. Habari za maji chini, herufi ndogo.

Jumatano, 10 Septemba

Kwa Mwambire. Nimevaa suti ya kijivu. Kosa!

Kabla ya mkutano, muuguzi Caroline amenionyesha wodi. Vitanda vinne, mashuka yamekunjwa, sakafu inang'aa. Nimeuliza kwa nini wanafagia kila siku wodi isiyolala mtu. Amesema ni ili siku maji yakifika wasipoteze hata asubuhi moja. Nimerudi mlangoni kufuta viatu bila kuambiwa. Mimi!

Kisha nimemwona Sidi, mwenyekiti wa kamati ya maji. Mwanamke mfupi, miaka kama sitini, sauti ya chini. Kijiji humwita Mama Masha, kwa jina la mwanawe. Mke wa Masha, anaitwa Mapenzi, ana mimba ya miezi minne. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alizaliwa njiani juu ya pikipiki wakikimbilia Malindi, na hakuishi. Sidi amelisema hilo kwa sentensi moja tu, akaendelea na ajenda. Hapo hapo nikamheshimu.

Mzee mmoja akauliza: kazi hii ni ya kualikana, sasa anayewaalika watu ni nani? Sidi amefungua mdomo. Nimemwahi! Nimesimama, nimeweka mkono kifuani, nimetangaza kwamba anayealika ni mimi, Ngumbao Kalama.

Vigelegele! Wazee wamenipa mkono mmoja mmoja, wakicheka kwa furaha. Sijawahi kupendwa na watu wengi hivyo kwa mpigo. Ni Sidi pekee aliyeuliza kama nimefikiri vizuri. Nimemjibu kwamba nimefikiri. Akatoa daftari, akaanza kuhesabu watu.

Alhamisi, 11 Septemba

Saa moja asubuhi, ujumbe kutoka kwa Sidi. Watu ni themanini na wanne. Siku ni tatu: Ijumaa, Jumamosi na Jumatatu. Wazee sita wangependa pombe ya mnazi, ile tamu ya asubuhi. Wawili hawali samaki.

Nimemwuliza mke wangu Pamela, mzaliwa wa kijijini Ganze, maana yake nini. Amecheka mpaka akakaa chini. Mtu akialika wenzake kulima au kuchimba, hawalipi, lakini anawalisha. Sima, kitoweo, kinywaji. Kila mtu analijua hilo. Akaongeza kwamba ndiyo hasara ya kuolewa na mtu aliyekulia Muyeye, mjini Malindi, anayedhani chakula hutoka hotelini. Si haki! Nilijua. Nilikuwa nimesahau.

Mpango: kumsukumia Huzaifa heshima hii. Nimekwenda dukani kwake, nimezisifu ndevu zake, nimemweleza kwamba yeye ni jirani wa kule na mwaliko ungependeza zaidi ukitoka kwake. Amenijibu kwa upole kwamba mwaliko ukishatamkwa mbele ya wazee hauhami. Halafu akasema amenistaajabia, kwani yeye asingethubutu jambo kubwa kama hilo. Akanipa soda. Nimeinywa nikiwa nimenuna.

Nimempigia Bi Mwanamina. Fedha za mradi ni za mabomba, hazigusiki. Amesema anajivunia mimi, kisha akakata simu haraka.

Mpango wa pili: mandazi. Hakuna aliyeniandikia kwamba lazima iwe sima.

Ijumaa, 12 Septemba

Anayealika ndiye hupiga jembe la kwanza. Nilikuja na Musyoka, mpiga picha wa dukani kwangu. Picha kumi na saba. Ilipofika ya kumi na nane, kiganja kilikuwa kimeshachubuka.

Lakini watu wale! Sidi ameugawa mtaro kwa nyumba, kila nyumba na kipande chake kilichopimwa kwa kamba. Ana kijiti chenye alama. Anakitumbukiza mtaroni, na alama isipozama, mnarudia. Hapigi kelele. Anapita tu na kijiti chake, na wanaume wenye mabega mapana wanarudia bila neno. Akina mama wanaimba, na majembe yanafuata wimbo. Akitaka watu wapumzike, anaupunguza wimbo. Miaka sita ya mikutano ya klabu sijaona uongozi wa namna ile. Nilitamani kuandika, lakini kiganja kilikataa.

Saa nne nimegawa mandazi. Moja moja, na chai ya rangi.

Hakuna aliyelalamika. Hilo ndilo lililonitia hofu. Wamekula, wameshukuru, wameosha vikombe, wameyapanga majembe vizuri, wamekaa. Nikauliza kama tunaendelea. Wakasema wanangoja chakula. Nikaeleza kwamba chakula ndicho kile. Wakacheka kwa adabu, wakidhani natania, wakaendelea kungoja. Saa sita na nusu wamekwenda makwao, na kila mmoja amekuja kuniaga kwa mkono. Themanini na wanne! Na kiganja kile!

Mita mia moja na hamsini tu. Zimebaki elfu moja na hamsini. Caroline alikuwa amesimama mlangoni pa wodi na ufagio wake. Nimeona aibu, na naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayeisoma shajara hii.

Jumamosi, 13 Septemba

Nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na mbuzi watano na magunia ya mchele. Karamu yangu ya ushindi, Jumanne, watu arobaini. Hata hema nimeshaagiza. Pamela hakunishauri kitu. Amefungua tu mlango wa banda, akasimama kando akinitazama.

Mbuzi watatu leo. Wawili Jumatatu. Mchele wote. Nimeyatazama magari ya watu yakipita nikiwa nyuma ya pikapu na mbuzi wangu, mgombea urais wa klabu ya kimataifa.

Nimefika Kwa Mwambire nimekuta moto umeshawashwa na masufuria yameshainjikwa. Sidi alijua nitakuja! Nimemwuliza angefanyaje kama nisingekuja. Amesema wangechimba na njaa, maana wodi ni yao, lakini ametaka kwanza nipate nafasi ya kurudi. Maneno hayo nimetembea nayo siku nzima. Nimekula nayo. Sijui kama mimi ningempa mtu nafasi kama hiyo bila kumkumbusha kila wiki.

Na mtaroni nimemkuta nani? Huzaifa! Kikoi amekikunja, jasho linamtoka, hana mpiga picha hata mmoja. Nimemwuliza anatafuta nini hapa wiki ya uchaguzi. Akasema nilialika watu, naye ni mtu. Na anachimba vizuri! Kijiti cha Sidi kimepita kipande chake bila kusimama.

Mita mia tano kwa siku moja. Mmoja wa wazee wa mnazi amenishika bega, akaniambia mwaliko wangu sasa una ladha. Nimefurahi kuliko nilivyopaswa.

Jumapili, 14 Septemba

Leo mpango mkubwa kuliko yote!

Zimebaki mita mia tano na hamsini, siku ya kazi ni moja, na viganja vya watu vimechanika. Rafiki yangu Gachanja, mkandarasi, ana mashine ya kuchimba. Jumapili kijiji kiko kanisani. Mashine ingechimba wakati wa ibada, watu wangetoka wakute mtaro umekwisha. Wao wanamshukuru Mungu, mimi nachaguliwa rais. Hakuna anayeumia.

Mashine imefika saa tatu. Imechimba hatua thelathini. Sikuwa nimefikiria kelele. Imesikika kanisani, imesikika sokoni, na nasikia Mambrui pia watu walitoka kuangalia. Sidi ameacha ibada katikati. Gauni la Jumapili, viatu mkononi. Amekuja kusimama mbele ya kijiko cha mashine. Dereva amezima mwenyewe.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Ameuliza tu: Jumanne mkaguzi akimwuliza kipande hiki kimechimbwa na nani, ajibu nini? Nimemwambia ajibu ni sisi. Amesema juu ya wodi ile yeye haongopi. Sharti ni mikono yao, nao wamelikubali. Tayari amemzika mjukuu mmoja, na huyu anayekuja hataki akaribishwe kwa uongo, hata mdogo wa hatua thelathini.

Kisha akanikabidhi jembe. Nimefukia hatua zote thelathini, peke yangu, shati jeupe, ili kesho wachimbe upya. Ibada ilipokwisha watu wamepita hapo kwa makundi. Wamenisalimu kwa heshima zote na kunipa pole ya kazi. Hakuna aliyeuliza nafanya nini. Wote walijua.

Jumatatu, 15 Septemba

Themanini na wanne wamekuwa mia moja na kumi. Habari za mashine zimesambaa, na harufu ya mbuzi pia.

Musyoka hakuja, kuna foleni ya picha za pasipoti dukani. Kwa hiyo nimechimba siku nzima bila kupigwa picha. Mara ya kwanza maishani! Mwanzo nilikuwa nikisimama kila mara nikitabasamu, kwa mazoea. Baadaye nikaacha. Sidi amepitisha kijiti kwenye kipande changu. Nimerudia. Amekipitisha tena. Nimerudia. Mara ya tatu nimerudia nikiwa nanung'unika. Mara ya nne alama imezama, naye amepita bila kunitazama. Nina vyeti kumi na viwili ukutani dukani, hakuna kilichonifurahisha hivyo.

Saa kumi jioni jembe la mwisho limefika ukutani pa wodi. Wameniita nilipige mimi. Nilikuwa nimeshalishika! Lakini nimemwona Mapenzi pembeni, mkono tumboni. Nimempa yeye. Amelipiga polepole, Masha akimshika kiwiko. Kisha kijiji kizima kikalipuka. Caroline amelia waziwazi. Mimi vumbi limeniingia machoni.

Hapana. Nimelia.

Jumanne, 16 Septemba

Mkaguzi amefika. Signora Ornella, mwanamke mrefu, kofia pana, viatu vya kazi. Mimi nilikuwa tayari. Sentensi nne za Kiitaliano, nilizokariri kwa simu tangu Jumatano. Nimetoa ya kwanza. Akafurahi, akajibu maneno mengi sana. Nimetoa ya pili. Haikuhusu. Akasubiri. Nimetoa ya tatu na ya nne kwa pamoja, yaishe.

Ndipo Sidi akajibu. Kwa Kiitaliano! Laini, kirefu, cha kuongea na mikono yote miwili. Kumbe aliuza shanga ufukweni Malindi miaka ishirini. Hakunitajia hata siku moja, na mimi nilikuwa nimemtajia Kiitaliano changu mara tatu. Wamecheka pamoja, nadhani juu yangu. Sikujali. Nilijali kidogo.

Signora ameutembea mtaro wote kwa miguu. Amezungumza na akina mama, sisi watu wa klabu tukiwa tumewekwa mbali. Ameingia wodini, amepitisha kidole sakafuni, akakitazama, hakuna vumbi. Akamwuliza Caroline kwa nini wanafagia, Sidi akatafsiri jibu, na Signora akavua kofia. Mwisho ameuliza ni nani aliyewaalika watu wote hawa. Watu mia moja na kumi wameninyoshea vidole mimi! Hata wazee wa mnazi! Jina langu limeandikwa, nimeiona kalamu.

Ruzuku imepita. Ametia saini pale pale, juu ya kitanda cha wodi.

Nimeuliza kuhusu jiwe la ufunguzi. Sheria za mfuko hazikubali majina ya watu. Hilo limo kwenye ukurasa wa pili wa barua. Mimi nilisoma wa kwanza.

Jioni, uchaguzi. Huzaifa kura ishirini na moja. Mimi mbili. Moja ni yangu. Nimechunguza ya pili, nimegundua ni ya Huzaifa. Hata katika kunipigia kura mimi, amenishinda! Bi Mwanamina amenifariji, akasema ile mashine ilisikika mpaka kwa wanachama. Nimempigia Huzaifa makofi. Yalikuwa makofi ya kweli, sijui yametoka wapi.

Jambo lake la kwanza kama rais: Sidi aombwe kujiunga na klabu na kusimamia miradi yote. Nimeunga mkono mimi, haraka, kabla ya mwingine.

Alhamisi, 12 Februari 2026

Fedha zilifika Desemba, mabomba yakalazwa Januari, na asubuhi ya leo Mapenzi amejifungua. Wodini! Kitandani! Msichana, kilo tatu na robo, mapafu mazima kabisa. Nimefika kabla ya Huzaifa, nilihakikisha.

Bomba la wodi lilikuwa wazi na Caroline ananawa mikono mpaka viwikoni. Alikuwa hana haraka. Alifunga maji, akafungua tena, akanawa upya. Masha alikuwa amekaa sakafuni, amechoka kuliko mkewe. Na Sidi, aliyezima mashine kwa kusimama tu, leo ameomba kiti. Amempakata mtoto kwa muda mrefu, na wote tumemngoja. Nimewaza: kuna watu wenye vyeo na kuna mwanamke huyu, na mimi nimepata bahati ya kupimwa na kijiti chake. Hilo nalisema wazi.

Kisha nikadokeza suala la jina. Ngumbao si jina baya. Wamenieleza kwa upole kwamba msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo ni Sidi. Haki kabisa! Jina bora kuliko hilo Kwa Mwambire hakuna.

Lakini nikafikiri. Nimemwuliza Caroline ni akina mama wangapi wanaotarajia kujifungua hapo kabla ya Juni. Amefungua kitabu: kumi na mmoja. Nimetangaza mbele ya wote kwamba nyumba yoyote itakayompa mtoto jina langu, hata likiwa la pili baada ya la babu, karamu ya jina ni juu yangu, na kijiji kizima kimealikwa. Nilikadiria atajitokeza mmoja. Labda wawili.

Saa kumi jioni Sidi amepiga simu. Wamekubali wote kumi na mmoja, mtoto awe wa kiume awe wa kike. Na mmoja wao anatarajia mapacha.

Akina Ngumbao kumi na wawili, kijiji kimoja! Huzaifa hana hata mmoja.